Nani Atanunua Uchafu wa Malagarasi?

Mfuko wa mbolea ya tumbaku unaofika Urambo, Kaliua au Sikonge, mkoani Tabora, huwa na namba tatu ubavuni: 10:18:24. Wakulima wengi wanazijua kama jina la mbolea tu. Ya kwanza ni nitrojeni na ya mwisho ni potasi. Ya katikati, hiyo 18, ni ya fosforasi, ingawa viwanda huihesabu ikiwa imeungana na oksijeni. Ukiitoa oksijeni hiyo, mfuko wa kilo 50 unabaki na takriban kilo nne za fosforasi yenyewe. Tumbaku hunyonya sehemu yake. Iliyobaki hung'ang'ania chembe za udongo, na mvua za Januari zikiubeba udongo, nayo huondoka pamoja nao: kutoka shambani hadi mbugani, kutoka mbugani hadi mito ya Igombe au Wala, Wala hadi Ugalla, na yote mwisho wake ni Malagarasi, mto unaoingia Ziwa Tanganyika kusini mwa Kigoma.

Kilo nne si kitu kwa macho. Lakini kilo moja ya fosforasi ikifika kwenye maji yaliyotulia inaweza kuotesha takriban kilo mia moja za mwani, ukipimwa ukiwa mkavu. Jambo hili lilibishaniwa sana katika miaka ya 1960, hasa Marekani na Kanada, ambako maziwa yalikuwa yakigeuka kijani na watengenezaji wa sabuni za unga, zilizojaa fosforasi wakati ule, wakisema kosa si lao. Mwaka 1973 mtafiti David Schindler na wenzake wakachukua ziwa dogo huko Ontario, lenye namba tu, 226, lenye kiuno chembamba katikati. Wakalikata kwa pazia la plastiki pale kiunoni. Nusu zote mbili walizitilia kaboni na nitrojeni, moja tu wakaiongezea fosforasi. Picha iliyopigwa kutoka angani ilimaliza sehemu kubwa ya ubishi: upande mmoja maji meusi ya kawaida, upande wa pili uji wa kijani. Baharini nitrojeni ndiyo hushika usukani mara nyingi, na katika maziwa yetu ya joto hesabu ina mikunjo yake, lakini tangu siku hiyo hakuna anayeongelea usafi wa ziwa bila kuitaja fosforasi.

Mwani ukifa huoza, na kuoza hula oksijeni ambayo samaki wangeivuta. Ziwa Tanganyika bado linasifika kwa maji maangavu, na samaki wake wengi wa mawe ya ufukweni wamezoea maji hayo hayo. Utafiti wa tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba kule ambako tope la mashamba limefunika mawe, aina za viumbe zimepungua. Malagarasi ina bahati moja kubwa: kabla ya kufika ziwani hupita kwenye mabwawa na mafunjo ya Malagarasi–Muyovozi, eneo la zaidi ya hekta milioni tatu lililoandikishwa mwaka 2000 kuwa la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu. Mafunjo huzuia tope na kunywa virutubisho. Hufanya kazi hiyo bure, na labda ndiyo sababu hatuihesabu.

Sasa, nani wa kuambiwa apunguze? Bomba la kiwanda unaweza kuliona, ukalipima na ukalifungia. Shamba la ekari mbili halina bomba. Machi 2022, samaki walipokufa kwa wingi Mto Mara, kamati ya serikali ilieleza kwamba oksijeni ilikwisha majini kwa sababu ya mimea iliyooza pamoja na kinyesi na mkojo wa mifugo. Nchi nzima ilicheka. Watu walikuwa wakiwaza migodi. Sitafufua ubishi ule hapa. Kilichonibakia mimi ni jinsi tulivyoona kichekesho wazo lenyewe la kwamba ng'ombe, wakiwa wengi, wanaweza kuumiza mto. Kikemia linawezekana kabisa. Tatizo ni kwamba ng'ombe ni wa kila mtu, na kosa la kila mtu halina wa kupelekwa mahakamani.

Hapo ndipo wachumi walipoingia. Mwaka 1968 Mkanada J. H. Dales aliandika kitabu kidogo chenye wazo lililowakera wengi: serikali iweke ukomo wa uchafu ambao ziwa au mto unaweza kuvumilia, igawe ukomo huo kuwa hati, kisha iwaache wenye hati wauziane. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mto unavumilia tani 10 za fosforasi kwa mwaka na unapokea 15. Mji wa chini unaweza kujenga mtambo mpya wa majitaka, na kila kilo ya fosforasi utakayoizuia itaugharimu shilingi laki mbili. Wakulima wa juu wanaweza kuizuia kilo hiyohiyo kwa elfu thelathini, kwa kuchimba makinga maji, kuacha ukanda wa nyasi kando ya mto na kusogeza mashamba mita chache. Mji ukiwalipa wakulima elfu sitini kwa kilo, wote wamepata, na mto umepunguziwa uchafu uleule. Yule ambaye kwake kazi ni rahisi ndiye anayeifanya. Yule ambaye kwake ni ghali ndiye anayelipa.

Wanaolipinga husema ni kuuza ruhusa ya kuchafua. Ni kweli, ni hivyo hasa. Lakini kibali cha kawaida cha kutiririsha majitaka, ambacho bodi za maji za mabonde hutoa hapa nchini chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, nacho ni ruhusa ya kuchafua mpaka kiwango fulani. Tofauti iko kwingine: vibali vikitolewa kimoja kimoja, kila mmoja anaweza kutimiza sharti lake na mto ukafa vilevile, kwa kuwa hakuna aliyejumlisha.

Mfano uliojumlisha vizuri kuliko yote ninayoijua uko Australia, na kwa bahati unahusu chumvi. Bonde la Mto Hunter, jimbo la New South Wales, lina migodi ya makaa ya mawe, mitambo ya umeme, mashamba ya zabibu na ng'ombe wa maziwa. Wachimbaji hukutana na maji ya chumvi chini ya ardhi na lazima wayatupe mahali. Zamani waliyatiririsha kidogo kidogo mwaka mzima, na kiangazi, mto ukiwa mwembamba, mkulima alikuwa akimwagilia chumvi. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Mwaka 1995 wakaanza kwa majaribio utaratibu ambao mwaka 2002 uliwekewa kanuni kamili.

Uko hivi. Maji ya mto hugawanywa kuwa mafungu, na kila fungu hupewa namba ya siku litakapopita mji wa Singleton; mto mzima unasomwa kama msafara wa wapagazi, kila kundi likijulikana limefika wapi. Fungu likiwa jembamba, ni marufuku kutia chumvi hata tone. Likiwa nene, wenye hati wanaruhusiwa, kila mmoja kwa kadiri ya hati zake. Mto ukifurika, milango hufunguliwa kwa wote, mradi chumvi isivuke kikomo. Hati ziko 1,000, na kila moja ni sehemu ya elfu ya chumvi inayoruhusiwa katika fungu hilo. Mgodi usio na cha kumwaga wiki hii huuza nafasi yake kwa jirani, na mauziano huandikwa kwenye daftari la mtandaoni ambalo kila mtu anaweza kulisoma. Kila baada ya miaka miwili hati 200 humaliza muda wake na kupigwa mnada upya, ili wageni wapate mlango. Chumvi hupimwa kwa uwezo wa maji kupitisha umeme, saa zote, na pale Singleton kipimo hakitakiwi kuzidi 900.

Angalia kilichogunduliwa pale. Hawakupunguza sana chumvi yenyewe. Waligundua kwamba madhara yanategemea siku. Tani ileile ya chumvi, ikiingia wakati wa mafuriko, haimdhuru mtu. Ikiingia mto ukiwa mwembamba, inadhuru zabibu. Mtu wa Tabora hahitaji kufundishwa hili, kwa sababu mito yetu mingi kiangazi si mito kabisa, ni madimbwi. Kibali kinachotaja kiasi kwa mwaka, bila kutaja mwezi, hakitoshi kwa Igombe.

Na magharibi mwa Tanzania si kugeni kwa chumvi wala kwa kutoza bei mtoni. Uvinza, pale Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi hiyo ilibebwa pande zote za nchi za maziwa. Watemi wa Wavinza walitoza kila aliyetaka mtumbwi wa kuvuka. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilipa mwaka 1858. Mwanahabari Stanley, mwaka 1871, akitoka Tabora kumtafuta mmisionari Livingstone, alilipa nguo akinung'unika, na mbele zaidi, Uha, alitoroka usiku ili asitozwe tena. Wageni waliyaita hayo unyang'anyi. Lakini watoza ushuru wale walijua mizigo mingapi imefika kivukoni. Walihesabu kabla ya kutaja bei, na hesabu hiyo ndiyo inayokosekana leo.

Wengi wa magharibi mwa nchi wamekwisha kusikia biashara ya kaboni. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vinalinda misitu ya Ntakata na kulipwa kwa hewa ukaa ambayo haikuachiliwa, na fedha hizo zimejenga zahanati na madarasa. Ni rahisi kudhani mto nao utauzwa hivyohivyo. Hapana. Hewa ukaa ikitoka Katavi au ikitoka London, anga ni moja, kwa hiyo mnunuzi anaweza kuwa popote. Fosforasi ya Sikonge inamdhuru aliye chini ya Sikonge tu. Mnunuzi lazima atoke bonde lilelile, na muuzaji lazima awe juu yake. Vinginevyo kipande cha mto kati yao kitaachwa kikioza huku vitabu vikionyesha usawa. Soko la mto ni dogo kwa maumbile yake.

Ndiyo maana masoko mengi ya aina hii Marekani yameandikwa vizuri na kufanya mauziano machache. Yaliyofanya kazi yalikuwa na ukomo mkali uliowabana wanunuzi, kama mpango wa nitrojeni wa Connecticut ulioanza 2002 kati ya mitambo ya majitaka 79. Zaidi ya hayo, shamba halipimiki kama mtambo. Mvua ikizidi, kinga maji hupasuka. Kwa hiyo mipango mingine humlazimisha mnunuzi anunue kilo mbili za wakulima ili ahesabiwe moja.

Afrika Mashariki tumejaribu binamu yake wa karibu, malipo bila soko la hati. Milima ya Uluguru, wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kulima matuta ya ngazi na kupanda miti, ili Mto Ruvu uteremke bila tope; waliolipa walikuwa shirika la maji la Dar es Salaam la wakati ule na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza, kupitia mradi wa CARE na WWF. Naivasha, nchini Kenya, wakulima wa maua wanaotegemea ziwa waliwapa wakulima wadogo wa juu hati za kununulia pembejeo kwa kazi kama hiyo. Mazao ya wakulima hao wa juu wenyewe yaliongezeka, kwa kuwa udongo uliobaki shambani ni udongo wao. Udhaifu ulikuwa upande wa mnunuzi: alilipa kwa hiari, na hiari huisha bajeti inapobana.

Malagarasi nani atanunua? Hakuna mlolongo wa viwanda kama Hunter. Hata Tabora mjini sasa hunywa maji ya Ziwa Victoria, yanayosafishwa Ihelele na kusukumwa hadi kwao kupitia Nzega, kwa hiyo ukiwafuata kwa hoja ya bomba lao, maslahi yao yamehamia kwa wakulima wa Mwanza. Ninaowaona ni makampuni ya kununua tumbaku, ambayo yanadaiwa na wateja wao Ulaya maelezo kuhusu misitu inayochomwa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku na ardhi inayochakaa. Wao ndio wenye mnyororo, ndio wenye fedha, na zao lao ndilo lililoleta mfuko ule.

Tena hesabu haianzii patupu. Kila mfuko wa 10:18:24 anaokopeshwa mkulima huandikwa na chama chake cha ushirika, AMCOS: jina, idadi, deni, kisha hukatwa siku ya soko la tumbaku. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, iliyoko Kigoma, ikiliomba daftari hilo, itajua ni fosforasi kiasi gani imepakuliwa kila kata kabla mvua haijaanza. Kisha itahitaji mtu wa kuchota chupa ya maji kila wiki kwenye daraja la Igombe na la Ugalla, Novemba hadi Mei, kwa miaka kadhaa, na maabara ya kuipima.