Sheria ya Uwindaji na Wajibu wa Mwanachama Kabla ya Msimu

Kila unapokaribia mwezi wa Julai, mtama na alizeti vikiwa vinaingia maghalani, habari za kufunguliwa kwa msimu wa uwindaji husikika vijijini. Msimu huo hufunguliwa tarehe 1 Julai. Wapo wanachama wanaodhani kwamba msimu ukifunguliwa kila mtu amepewa ruhusa. Sivyo hata kidogo. Msimu humfungulia mwenye leseni peke yake. Asiye na leseni, kwake msimu umefungwa mwaka mzima.

Jambo hili si geni. Sheria ya Kuhifadhi Wanyama ya mwaka 1921 ilimtaka mwindaji awe na leseni, na zilizofuata za 1951 na 1974 zilishika njia hiyo hiyo. Inayotumika leo ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Msingi wake ni kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo digidigi aliyeingia katika shamba la karanga hawi mali ya mwenye shamba. Kanga naye vivyo hivyo, ingawa wengi humhesabu kama kuku aliyepotea.

Mkazi anayetaka kuwinda hana budi kwanza kuuliza kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, au katika ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, iwapo leseni zinatolewa na ni kwa eneo gani. Leseni hutaja mnyama, idadi na mahali. Haiazimwi wala haiuzwi. Ndugu hawezi kuitumia kwa sababu tu mwenyewe ni mgonjwa. Bunduki nayo ina leseni yake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na gobore la urithi halisamehewi kwa kuwa lilikuwa la babu. Hata mwenye leseni zote mbili hakuruhusiwa kila namna ya kuwinda: kuwinda usiku, kutega kwa nyaya, kuchimba mashimo, kutumia sumu na kufukuza mnyama kwa gari ni makosa.

Lakini wanachama wengi wanaopata matatizo hawajapata kushika bunduki maishani. Neno linalowanasa ni “nyara”. Watu hudhani kwamba nyara ni pembe za ndovu tu. Katika sheria, nyama, ngozi, pembe, mfupa, yai na hata manyoya ya mnyamapori huhesabiwa kuwa nyara. Anayekutwa na vipande vya nyama ya swala jikoni ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alivipata kwa halali. Si kazi ya mshtaki kuthibitisha kinyume chake. Kusema “niliuziwa na mpita njia” si utetezi, bali ni kama kukiri. Kosa hilo laweza kufunguliwa kama kesi ya uhujumu uchumi, na kifungo chake chaweza kufika miaka 20 hadi 30. Kitoweo cha siku moja hakifanani na miaka hiyo. Tangu kanuni za mwaka 2020, nyama ya pori yaweza kununuliwa kihalali katika bucha lenye kibali. Mnunuzi na adai stakabadhi, aitunze mpaka nyama imekwisha.

Wafugaji wa nyuki wanastahili maelezo ya pekee. Katika wilaya ya Manyoni wapo wanaotundika mizinga karibu na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi; upande wa Kondoa na Chemba yapo mapori ya Swagaswaga na Mkungunero. Kuingia katika pori la akiba bila kibali ni kosa, na kukutwa humo na silaha bila sababu ya kuridhisha ni kosa jingine. Panga la kukatia matawi huhesabiwa silaha. Waya wa kutundikia mzinga haupambanuki na waya wa mtego mbele ya askari aliyeukuta ndani ya mfuko wa mtu asiye na karatasi yoyote. Barua ya chama inayomtambulisha mwanachama ni jambo jema, lakini haichukui nafasi ya kibali. Katibu aombe vibali mapema, majina yote yakiwa yameandikwa, na kila mmoja aende porini na nakala yake.

Mali ya chama pia imo hatarini. Mahakama yaweza kuamuru gari lililobeba nyara litaifishwe. Lori likipakia alizeti kwenda Dodoma, na utingo akaficha kiroba cha nyama chini ya magunia, chama kitajikuta kikijieleza mahakamani huku mazao yakikaa njiani. Mwenye zamu ya ghala na ahesabu magunia yanayopakiwa, asiruhusu mzigo usio na hati.

Inabaki habari ya tembo na nyani mashambani. Sheria inamruhusu mtu kujihami anapovamiwa na mnyama, lakini ni lazima atoe taarifa mara moja, na mzoga ni wa Serikali. Kuugawana nyama ni kurudi katika kosa la nyara. Kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali kama tembo, kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho, na kwa aliyejeruhiwa au kuuawa kifuta machozi. Hizo si fidia kamili ya hasara, na mkulima asizingojee kama bei ya mazao. Hata hivyo wengi huzikosa kwa sababu ya kuchelewa tu. Taarifa ipelekwe kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji siku ile ile, naye aifikishe kwa Afisa Wanyamapori. Shamba liachwe kama lilivyo hadi litakapokaguliwa, kwa maana shamba lililokwisha kulimwa upya halina cha kupimwa.