Simba mtu: masimulizi yanasema nini, na utafiti umegundua nini?

Katika ngano zetu, Simba ana nguvu lakini Sungura humshinda kwa akili. Watoto wanacheka, wanaenda kulala. Kusini mwa Tanzania, hadi ng'ambo ya Mto Ruvuma, kuna masimulizi mengine ambayo hayachekeshi mtu: yale ya simba mtu. Husemwa kwamba yupo simba wa porini, na yupo simba wa kutumwa, ambaye mchawi humtengeneza ili amfuate mtu fulani.

Imani hii ina nguvu kwa sababu inajibu swali zito la wafiwa: kwa nini amechukuliwa huyu, na jirani akaachwa?

Watafiti, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walitafuta jibu lao. Mwaka 2005 walieleza kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, kati ya Machi na Mei. Nguruwe pori hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na shambani humkuta mkulima amelala kwenye dungu au kibanda akilinda mahindi yake.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2011, ulionyesha kuwa hatari huongezeka siku zinazofuata mwezi mpevu. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza, na saa za mwanzo za usiku huwa giza wakati watu bado wako nje.

Kule Rufiji, simba mmoja aliua watu zaidi ya 30 kabla ya yeye kuuawa mwaka 2004. Alikutwa na jipu kubwa kwenye jino.

Kwa nini tunayasema haya? Kwa sababu simba akiitwa wa kutumwa, watu huanza kumtafuta aliyemtuma. Wilayani Muidumbe, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 simba waliua makumi ya watu. Kisha wananchi wakawaua wenzao waliotuhumiwa kuwatengeneza simba hao. Msiba ukazaa msiba.

Masimulizi ya simba mtu ni sehemu ya urithi wetu, na wazee wana haki ya kuyasimulia. Ila ukiona nyayo za simba, usianze kumtaja jirani. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji ili afisa wanyamapori wa wilaya ajulishwe mapema. Msimu wa mavuno, msilale shambani peke yenu wala kwenye kibanda kisicho imara. Na mwezi ukishapevuka, jioni za siku zinazofuata watoto waingie ndani kabla giza halijatanda.