Lori la zamani linazimazima njiani? Fuata dizeli kuanzia kwenye tangi

Vijana, leo tuache kidogo mbolea na dawa, tuongelee usafiri. Kahawa mbivu inatakiwa imenywe siku ileile ilipochumwa. Lori likizima kilimani kabla ya kufika kwenye mtambo wa kumenya, kahawa inachachia ndani ya magunia, na ubora uliopotea haurudi. Kwa hiyo lori bovu nalo ni hasara ya shambani.

Injini ya dizeli ya zamani, isiyo na kompyuta, haina plagi za kuchoma mafuta. Ikiwa ilikuwa inavuta vizuri halafu inazima, mara nyingi imekosa dizeli. Usikubali pampu ifunguliwe kabla hamjakagua njia nzima ya mafuta. Kufungua pampu ni gharama kubwa. Filta ni bei ndogo.

Kwanza jiulize: inazima wakati gani?

- *Ikipanda mlima na mzigo:* shuku filta iliyoziba, au uchafu kwenye bomba linalovuta dizeli ndani ya tangi.
- *Ikishatembea kwa muda, halafu ukipumzika inawaka:* tundu la hewa la mfuniko wa tangi huenda limeziba. Fungua mfuniko mara tu inapozima. Ukisikia tangi linavuta hewa kwa nguvu, umepata mchawi.
- *Haiwaki mpaka upige pampu ya mkono:* kuna upepo unaingia.
- *Ikirukaruka kwenye mashimo:* kagua waya wa swichi ya kuzimia, kama lori lako linayo.
- *Ikiwa silensa tu:* huenda silensa iko chini. Ila hakikisha kwanza hakuna upepo.

Upepo unawadanganya wengi. Kuanzia tangi hadi pampu ndogo ya kuvutia, dizeli inanyonywa. Mpira ukipasuka hapo, hewa inaingia bila dizeli kudondoka, kwa hiyo usisubiri kuona tone chini. Mwambie fundi afunge kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu kubwa, awashe injini, muangalie mapovu. Mkiyaona, kagueni mipira, klipu na washa za shaba, kisha mtoe upepo wote.

Maji na uchafu. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yanakaa chini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, legeza koki ya chini ya filta, kinga kwenye chupa safi na uangalie. Ukinunua dizeli ya madumu, iache itulie, mimina kwa kitambaa safi, na yale ya chini kabisa usiyatie. Jaza tangi jioni. Tangi tupu kwenye baridi ya huku milimani linatengeneza unyevu ndani.

Usalama. Injini ikizima kwenye mteremko, usukani wenye pawa unakuwa mzito na breki zinaweza kupungua nguvu. Simamisha lori mapema, weka mawe kwenye magurudumu, usitegemee hendibreki peke yake. Ukiinua kichwa cha lori, hakikisha nguzo yake imejifunga kabla hujaingia chini.

Ukishakagua hayo yote na bado inazima, sasa pampu ipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kuipimia. Na kuanzia msimu huu, kwenye kila lori liwepo filta moja ya akiba, spana zake, klipu na kipande cha mpira. Hivyo ndivyo vinavyookoa kahawa ya siku nzima.

Kazi njema.