Cheti cha moshi: biashara inayoyaweka barabarani magari ya zamani ya California

Datsun 280Z ya mwaka 1975 na ya mwaka 1976 zikiegeshwa pamoja, wengi wetu hatuwezi kuzitofautisha. Injini ni ya lita 2.8, silinda sita zimejipanga mstari mmoja, petroli inaingia kwa injeksheni ya umeme. Zote mbili ni wadogo zake 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971, kisha 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Lakini katika jimbo la California, ya 1975 haidaiwi kipimo cha moshi maisha yake yote. Ya 1976 inapimwa kila baada ya miaka miwili, na bila cheti usajili wake hauhuishwi. Ndiyo maana mwenye ya 1975 akitaka kuiuza huutanguliza mwaka kwenye tangazo, kabla ya rangi na kilomita. Porsche 911 Turbo nayo ilianza kuuzwa Marekani kama modeli ya 1976, ikaukosa msamaha huo kwa mwaka mmoja.

Mpaka huo ni wa kisiasa, si wa kiufundi. Upimaji ulianza mwaka 1984 chini ya Bureau of Automotive Repair, idara ya jimbo inayosimamia magereji. Mwaka 1997 wabunge walikubali kwamba gari likifikisha miaka 30 lisamehewe, kwa hiyo kila Januari kundi jipya lingekuwa huru. Mwaka 2004 Gavana Arnold Schwarzenegger alisaini sheria iliyousimamisha msamaha huo kwenye modeli za 1975. Kama usingesimamishwa, leo Mazda MX-5 za mwanzo, Nissan 300ZX na Toyota Supra za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zingekuwa zinapita bila kuulizwa. Badala yake kila moja ni mteja wa kudumu wa kituo cha kupimia, wa fundi na wa muuza vipuri.

Kuna kipengele kingine kinacholisukuma soko hili kuliko watu wanavyodhani: gari likiuzwa, anayetakiwa kuleta cheti ni muuzaji. Gari la michezo lililolala gereji miaka kumi haliwezi kukabidhiwa kihalali mpaka lipite, na hapo ndipo mwenye gari hugundua kwamba bei aliyoiota inapungua kwa kiasi cha gharama ya kulitengeneza.

Kwa magari ya 1976 hadi 1999, kwenye maeneo yenye hewa chafu zaidi, kipimo chenyewe hufanyika juu ya rola za chuma zilizozama sakafuni. Matairi yanayosukumwa na injini yanazungusha rola, gari halisogei. Feni kubwa inapuliza rejeta, kimrija kinachomekwa kwenye ekzosi, na mpimaji anashikilia mwendo wa maili 15 kwa saa, takriban kilomita 24, huku mashine ikizikaza rola ili injini ifanye kazi kama inapanda mlima. Baada ya hapo anapandisha hadi maili 25, yaani kilomita 40. Kioo kinaandika vitu vitatu: haidrokaboni, ambayo ni petroli iliyotoka bila kuungua, kaboni monoksaidi, na oksidi ya nitrojeni. Kimoja kikivuka kikomo, gari limefeli.

Ila gari linaweza kufeli ingawa moshi wake ni safi kabisa. Mpimaji anafungua boneti na kuhakikisha kila kifaa kilichotoka kiwandani kipo na kimeunganishwa: pampu ya hewa, valvu ya EGR inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, mipira ya vakyumu. Mwenye gari wa miaka ya 1980 aliyeitoa pampu ili injini iwe nyepesi, akaitupa, leo anamtafutia mwanawe pampu ileile kwa wauza spea chakavu, na wanaoijua thamani yake wanaiuza ghali. Modeli za 1976 hadi 1995 hupimwa pia kama tangi linavujisha mvuke wa petroli. Raba iliyopasuka chini ya buti, au kifuniko cha tangi kisichobana, ni kifaa cha bei ndogo kinachoweza kumnyima mtu cheti.

Fundi mzuri huisoma karatasi ya kufeli kabla hajashika spana. Haidrokaboni ikiwa juu, kuna silinda isiyochoma vizuri, basi aanze na plagi na waya zake. Kaboni monoksaidi ikiwa juu, petroli imezidi hewa: pengine sensa ya oksijeni imechoka au kichujio cha hewa kimeziba. Oksidi ya nitrojeni ikipanda, ndani mna joto kali, aangalie taiming na masizi yaliyoziba EGR. Fundi wa kubahatisha huonekana hapo. Anapunguza petroli ili kuishusha kaboni monoksaidi, anafurahi, kisha oksidi ya nitrojeni inaruka juu kwa sababu mchanganyiko mkavu huungua kwa joto zaidi. Uwiano unaotakiwa ni sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli. Hapo tu ndipo kichujio cha ekzosi, kile ambacho mafundi wengi wa Dar es Salaam wanakiita masega, kinaweza kuzisafisha gesi zote tatu kwa pamoja.

Mengine ni ya gharama ndogo. Oili ibadilishwe kabla ya kwenda, kwa kuwa oili iliyochanganyika na petroli hutoa mvuke unaonyonywa tena na injini. Gari likimbizwe barabara kuu dakika ishirini au zaidi, lisizimwe kwenye foleni ya kituo, maana masega hayaanzi kazi sawasawa mpaka yapate joto la nyuzi 300 hivi. Chupa za dawa zinazoahidi kukupitisha zinauzwa kila duka la vipuri, na mimi naziona ni kodi ya wasiwasi. Mwenye Mazda RX-7 ana mtihani wake peke yake: injini yake ya rota huchoma oili kidogo kwa makusudi, ndivyo ilivyoundwa, kwa hiyo haidrokaboni yake iko karibu na ukingo tangu gari likiwa jipya.

Fedha nzito ziko kwenye masega. Tangu Julai 2008 California imekataza kuuza au kufunga masega yaliyotumika, na tangu 2009 mapya ya kubadilishia lazima yafikie kiwango cha bodi ya hewa ya jimbo, CARB, pamoja na dhamana ya miaka mitano au maili 50,000. Kuyafikia masharti hayo kunahitaji madini mengi zaidi ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na bei ya rodiamu ilipita dola 25,000 kwa aunsi mwaka 2021. Kwa Toyota Camry, kiwanda kinaweza kugawa gharama ya kibali cha CARB kwa maelfu ya wateja. Kwa gari la michezo lililouzwa kidogo, mara nyingine hakuna anayetengeneza kabisa, na mwenye gari anabaki na masega ya kiwandani, kama bado yapo kwenye orodha.

Kibali hicho, kinachoitwa Executive Order na kubandikwa ndani ya boneti kwa namba inayoanza na D, kimekuwa bidhaa yenyewe. Kichujio cha hewa, turbo, hata injini nzima vinauzwa kwa nguvu yake. General Motors huuza injini za V8 kwa jina la E-ROD, zikiwa na masega na sensa zake zote, ili mtu anayeifunga kwenye gari kuukuu aweze kwenda kwa mwamuzi wa jimbo. Huyo huikagua, akiridhika hubandika lebo kwenye nguzo ya mlango, na kuanzia siku hiyo gari hupimwa kwa vigezo vya injini mpya. Injini iliyookotwa kwenye gari la ajali ni rahisi kununua, lakini namba ya kibali haiji nayo.

Penye cheti chenye thamani hiyo hapakosi wajanja. Vituo vimenyang'anywa leseni kwa kupima moshi wa gari safi na kutoa cheti kwa jina la gari chafu. Upande wa pili, mtangazaji na mkusanyaji magari Jay Leno aliunga mkono muswada wa kuyasamehe magari yenye miaka 35 na zaidi yenye bima ya wakusanyaji. Ulikwamia kwenye kamati ya bajeti Agosti 2025. Hoja ya Leno kwamba magari haya hutoka mara chache ni ya kweli, ila wapinzani nao wana lao: gari moja la 1980 lenye injini mbovu hutoa uchafu ambao magari mengi ya leo hayaufikii yakijumlishwa.

Wakati siasa zikiendelea, tatizo la karibu ni vifaa. Tangu 2015 magari ya petroli ya mwaka 2000 na kuendelea hupimwa kwa kuchomeka waya kwenye kompyuta yao, kazi ya dakika chache isiyohitaji rola. Anayefungua kituo leo anaweza kujitosheleza na kifaa hicho, bila gharama ya kuchimba sakafu na kutunza mashine ya miaka ya 1990 kwa ajili ya magari yanayopungua kila mwaka. Serikali haipangi bei ya upimaji, cheti chenyewe ni dola 8.25 tu, kwa hiyo aliyebaki na rola anatoza anavyoona soko linavyobeba. Mwenye Porsche 944 ya 1986 akipiga simu kituoni, la kwanza kuuliza ni kama rola bado wanazo.