Je, Wajua? Viungo Vikibadilika Sura

Je, wajua kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ostioathritisi, yaani ugonjwa wa gegedu za viungo kulika, na kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake? Goti ndilo huathirika zaidi.

Je, wajua kwamba ugonjwa huu hubadili pia umbo? Gegedu ya upande wa ndani wa goti ikilika, mguu hupinda, na mtu aliyenyooka ujana wake wote hupata matege ukubwani.

Je, wajua kuhusu vinundu vya Heberden? Ni vinundu vigumu vinavyoota kwenye vidole, karibu na kucha. Daktari Mwingereza William Heberden alivieleza katika kitabu kilichochapishwa 1802, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na aliona kwamba vinaharibu sura kuliko vinavyozuia kazi. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi mama na binti huvipata wote. Pete ya ndoa haivuki tena kifundo. Mkono huanza kufichwa chini ya kanga, na mwenyewe akilalamika huambiwa ni uzee tu. Jibu hilo ni la kikatili, maana linamfunga mdomo.

Je, wajua kwamba wauguzi wana jina la tatizo hilo la kuuonea haya mwili uliobadilika? Tangu 1973 wauguzi wa Marekani wamekuwa wakiorodhesha matatizo ambayo muuguzi mwenyewe anaweza kuyashughulikia, na kuvurugika kwa taswira ya mwili kumo. Tiba yake huanza kwa swali: "Mama, tangu vidole vibadilike, kuna jambo umeacha kulifanya?" Kisha muuguzi husikiliza bila haraka.

Je, wajua kwamba fimbo hushikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu? Wengi huikataa kwa kuogopa kuitwa wazee, kumbe ukiishika hivyo goti hupunguziwa mzigo na mwendo hunyooka. Muuguzi mzuri humfundisha mgonjwa kutembea nayo mpaka aizoee.

Je, wajua kwamba kupunguza uzito kilo moja tu hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua? Lakini mgonjwa anayesimangwa kwa unene wake hukwepa kliniki, kwa hiyo suala la uzito lizungumzwe faraghani, kwa heshima.

Nawe msomaji, ukienda kliniki usitaje maumivu peke yake. Mwambie muuguzi na kile unachokificha.