Weupe wa Ubongo na Jina la Presha

Makala haya yanafafanua jinsi madhara katika sehemu nyeupe ya ubongo yanavyopimwa na jinsi yanavyohusiana na maradhi ya mishipa ya damu. Suala hili linawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili, kwani matokeo ya kipimo hayamfai mgonjwa wa Msambweni iwapo hakuelezwa kwa lugha anayoielewa.

Sehemu nyeupe ni mkusanyiko wa nyuzi za neva zinazounganisha pande mbalimbali za ubongo. Weupe wake hutokana na utando wa mafuta unaozifunika nyuzi hizo. Vimishipa vinavyoilisha ni vyembamba mno. Shinikizo la juu la damu likidumu miaka mingi, kuta zake hukakamaa, damu hupungua na nyuzi huharibika. Kisukari na uvutaji wa sigara huzidisha hatari hiyo.

Katika baadhi ya picha za MRI, madhara hayo huwa madoa yanayong'aa, ilhali sehemu nyeupe iliyo nzima huonekana ya kijivu. Kwa hiyo weupe wa jina na weupe wa picha ni vitu viwili ambavyo mfasiri hana budi kuvitenganisha. Mwaka 1987, Franz Fazekas na wenzake walibuni kipimo cha ngazi nne. Kwa madoa ya ndani, 0 ni kutokuwapo kwa doa, 1 ni vidoa vilivyotawanyika, 2 ni madoa yanayoanza kuungana, na 3 ni mabaka makubwa.

Utafiti wa SPRINT MIND uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kuwa waliolenga shinikizo la chini ya 120 waliongezeka madhara kwa sentimita za ujazo 0.92 katika takriban miaka minne. Waliolenga chini ya 140 waliongezeka 1.45. Haja ya kinga ipo Afrika Mashariki pia: utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikadiria visa vipya vya kiharusi Dar es Salaam kuwa takriban 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000.

Kinga huanza kwa mkanda wa kupimia damu, si kwa MRI. Hapo ndipo neno "presha" linapotatiza. Katika mazungumzo, presha ni pia wasiwasi au mshtuko, mambo ambayo mtu huyahisi. Aliyeambiwa ana presha aweza kuacha dawa siku anapojiona mtulivu, ilhali madoa yanaendelea kuongezeka kimyakimya. Msamiati wa afya, basi, hauna budi kubainisha wazi kwamba shinikizo la damu hudhuru hata lisipohisiwa.