Kompyuta zisizo na diski: tulivyofufua kafe Rusimbi, na siku niliyofuta kazi ya mteja

Leo siasa na mpira naviweka pembeni kidogo. Nina somo la kompyuta, hasa kwa nyie mnaoshinda kwenye makafe na steshenari, na wale mnaofikiria kufungua za kwenu. Mimi nimemaliza fom foo tu, sina diploma ya kompyuta. Ninachokijua nimekipata kwa kukosea, na kosa kubwa kuliko yote nitalisema hapa hapa bila aibu.

Kuna kafe moja hapa Rusimbi (jina kapuni) ambayo huwa nasaidia. Ilikuwa na mashine 9. Sita zilishakufa diski, tatu zilizobaki zilijaa virusi vya flashi za wateja. Kila wiki tulikuwa tunapiga Windows upya, kila wiki virusi vinarudi. Umeme nao ukikatika ghafla, diski inaumia. Halafu Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine kuukuu kama zetu Windows 11 haizitaki. Bosi akasema tuziuze kama vyuma chakavu.

Mimi nikamwambia, mzee, zinaweza kufanya kazi bila diski kabisa. Akacheka.

Inawezekanaje?

Kompyuta haihitaji diski ili iwake. Inahitaji mahali pa kusoma mfumo endeshi. Mahali hapo panaweza kuwa kompyuta nyingine, kupitia waya wa mtandao. Ni kama nyumba ya wapangaji tisa waliokubaliana kupika chungu kimoja: kila mtu ana sahani yake, ila chakula kinatoka sehemu moja.

Uwezo huu unaitwa PXE. Ulitoka Intel miaka ya 1990, na karibu kila kompyuta ya mezani yenye tundu la waya wa mtandao inao. Ukiiwasha, mambo yanakwenda hivi:

1. Kadi ya mtandao inapiga kelele kwenye waya: "Jamani, mimi ni nani hapa?"
2. Huduma ya DHCP inajibu: "Anwani yako ni hii, na faili la kuanzia liko kwa seva fulani."
3. Mashine inachukua faili hilo dogo kwa njia ya TFTP. Njia hii ni ya kizamani na ina mwendo wa kobe, ndio maana inapewa vitu vidogo tu.
4. Faili hilo linavuta kiini cha Linux, kisha mashine inafungua mfumo mzima uliohifadhiwa kwenye seva kama faili moja kubwa. Sisi tunaliita imeji.

Imeji inasomwa tu, haiandikwi. Chochote mteja anachobadilisha kwenye mfumo kinakaa kwenye RAM ya mashine yake, na akizima kinapotea. Akiharibu mipangilio, zima, washa, mashine mpya! Na virusi vya Windows vya kwenye flashi havina pa kushika kwenye Linux.

Vifaa

Programu tuliyotumia inaitwa LTSP. Ilianzishwa na Jim McQuillan wa Marekani mwaka 1999, na ni ya bure. Zamani seva ndiyo ilifanya kazi zote, ikabidi iwe na nguvu kama trekta. Toleo jipya, lililoandikwa upya mwaka 2019, linaiacha kila mashine itumie prosesa na RAM yake yenyewe. Kwa hiyo seva ya kawaida tu inatosha. Sisi tulichagua ile mashine iliyokuwa nzima kuliko zote, tukaiwekea diski mpya ya SSD. Zilizobaki nane tukazing'oa diski.

Usibanie RAM. Mashine ya mteja ikiwa na GB 2 itakwenda kwa kusuasua, brauza za siku hizi zinakula sana. GB 4 ndio raha. Na swichi nunua ya gigabiti. Ya megabiti 100 inapitisha kama megabaiti 12 tu kwa sekunde, na seva yako itazigawa hizo kwa mashine zote. Asubuhi ukiwasha nane kwa pamoja utakunywa chai mpaka iishe.

Kazi yenyewe

Weka Debian au Ubuntu kwenye seva, na programu zote ambazo wateja watazihitaji (Firefox, LibreOffice, na kadhalika). Kisha weka vifurushi vya ltsp, dnsmasq, nfs-kernel-server, openssh-server na squashfs-tools. Halafu, ukiwa na mamlaka ya mkuu wa mfumo, piga amri hizi:

ltsp dnsmasq
ltsp image /
ltsp ipxe
ltsp nfs
ltsp initrd

Ya kwanza inaandaa majibu ya DHCP na TFTP. Ya pili inatengeneza imeji kutokana na seva yenyewe, hii inachukua muda. Ya tatu inatengeneza menyu ya kuwakia, ya nne inaifungulia mtandao imeji, ya tano inabeba mipangilio na majina ya watumiaji.

Kwenye mashine za wateja ingia BIOS, ruhusu kuwaka kwa mtandao na uupandishe uwe wa kwanza. Zenye UEFI, kama zinagoma, zima Secure Boot.

Angalizo! Ruta yako tayari inagawa anwani. Mimi kwa ujuaji niliiambia seva nayo igawe. Mashine moja ikawa inasikiliza huku, nyingine kule, nusu zinawaka, nusu zinagoma, siku nzima nimepoteza. Amri ya kwanza hapo juu, ukiiacha kama ilivyo, inaiachia ruta kazi ya anwani na yenyewe inaongeza tu maelezo ya kuwakia. Usiichokonoe.

Sasa kosa langu

Mfumo unafutika ukizima, lakini folda ya mtumiaji haifutiki, kwa sababu iko kwenye seva. Kwa hiyo mteja akisahau kutoka Facebook, anayefuata anaikuta wazi. Nikaona nijifanye mjanja: nikaandika skripti inayofuta folda ya mteja kila mtu anapoingia upya.

Siku moja dada mmoja alikuja kuandika CV na barua ya kuomba kazi. Mwisho wa kupokea ilikuwa siku hiyo hiyo. Kaandika saa mbili nzima, na kahifadhi vizuri tu. Umeme ukakatika. Sikuwa na wasiwasi, seva ilikuwa na UPS. Umeme uliporudi nikawasha mashine yake, nikamwingizia jina na paswedi. Kioo cheupe.

"Kaka, kazi yangu iko wapi?"

Faili lake lilikuwa zima kabisa kwenye seva mpaka sekunde ile nilipomwingiza. Umeme haukulifuta. Nililifuta mimi. Nilimwomba radhi, tukakaa wote tukaandika upya, yeye anasema mimi nachapa, na pesa yake tukamrudishia. Aliwahi kwa dakika chache tu. Angechelewa, ningemwambia nini?

Utunzaji tunaofuata sasa

- Kufuta ni usiku tu, baada ya kufunga. Mteja akiondoka tunafuta kumbukumbu za brauza peke yake.
- Kila mashine ina jina lake la kuingilia, mteja1 hadi mteja8. Wawili wakitumia jina moja, Firefox inagoma.
- Anayetaka kazi yake ibaki, anawekewa folda yake kwa siku 7.
- Kila jioni folda hizo zinanakiliwa kwenye diski ya nje, na diski hiyo haikai kafe.
- UPS ni ya seva na swichi pia. Swichi ikizima, wote wamezimika.
- Ukiongeza programu au masasisho kwenye seva, rudia ltsp image /. Ukiongeza mtumiaji, rudia ltsp initrd. Imeji ya zamani usiifute mpaka umeijaribu mpya.

Ndio hivyo wadau. Njia hii inapunguza matatizo ya mashine tisa yanakuwa ya mashine moja, lakini hiyo moja ikizembewa, wote tunalala njaa. Chungu ni kimoja, kwa hiyo anayekitunza asisinzie. Na zile mashine za vyuma chakavu? Zote nane zinapiga kazi mpaka leo, na bosi hacheki tena.

Mwenye swali au aliyewahi kujaribu kwake atupie hapo chini, nitajibu nikipata zamu. Ila tafadhali, matusi hapana.